Mifupa ya Wasafiri: Vyama vya Wachina Ugenini na Ahadi ya Kurudishwa Nyumbani

Utangulizi

Historia ya Wachina waliohamia ng'ambo katika karne ya 19 imezoeleka kuandikwa kama historia ya kazi: dhahabu ya California na ya Otago, reli za Marekani na Kanada, mashamba ya miwa ya Cuba na Hawaii. Katika makala haya tunakusudia kuingia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa makaburi. Tutajaribu kuonyesha ya kwamba vyama vilivyoundwa na wahamiaji hao kwa ajili ya kusaidiana vilisimama, kwa sehemu kubwa, juu ya ahadi moja: kwamba mwenzao akifa ugenini mifupa yake haitaachwa huko. Tutaonyesha pia ya kwamba ahadi hiyo, iliyokuwa rehema kwa wafu, iliwapa viongozi wa vyama mamlaka makubwa juu ya walio hai. Na kwamba njia ya kurudi ilipofungwa, vyama vililazimika kujiuliza upya vilikuwepo kwa ajili ya nani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa chama cha kufa na kuzikana ni kitu gani, wala hatashangaa kusikia kwamba maiti husafirishwa usiku kucha kutoka mjini ili azikwe kwao. Hata hivyo hatutaki kuharakisha ulinganifu. Mifupa tunayoizungumzia ilikaa miaka katika udongo wa kigeni, ikafukuliwa, ikaoshwa, ikahesabiwa, ndipo ikavuka bahari ya Pasifiki. Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na ukoo peke yake. Yahitaji katibu, mweka hazina, wakala bandarini na daftari lenye majina. Kwa maneno mengine, yahitaji chama.

Asili ya vyama

Wengi wa waliokwenda California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848 walitoka katika wilaya chache za mkoa wa Guangdong, kwenye mlango wa Mto wa Lulu, si mbali na mji wa Canton. Huko kwao msiba ulifuatana na msiba: vita vya afyuni kati ya China na Uingereza (1839–1842), uasi wa Taiping (1850–1864), na mapigano ya wenyeji na Wahakka yaliyoanza mwaka 1855. Katika mwaka 1852 peke yake Wachina wapatao 20,000 waliteremka San Francisco.

Hawakuteremka kama watu wasio na wenyeji wa kuwapokea. Mwaka 1851 watu wa Nanhai, Panyu na Shunde walikuwa wamekwisha kuunda chama kilichoitwa Sam Yup, yaani Wilaya Tatu. Nao watu wa Xinhui, Xinning, Kaiping na Enping wakaunda Sze Yup, yaani Wilaya Nne. Vingine vikafuata, kimojawapo kikiwa cha Wahakka, ambao lugha yao iko mbali na ya jirani zao. Kwa Kichina vyama hivi huitwa huiguan, maana yake nyumba ya kukutania, na jina hilo halikubuniwa Marekani. Tangu enzi ya wafalme wa Ming nyumba za namna hiyo zilikuwepo Beijing, ambamo wafanya biashara wa mkoa mmoja na vijana waliokwenda kufanya mitihani ya serikali walipata malazi kati ya watu wa lugha yao. Kwa hiyo mkulima wa Xinning aliposhuka melini alikuta kitu ambacho wazee wake walikijua kwa jina, ila sasa kimevuka bahari.

Maelezo mazuri ya nyumba hizo yalitolewa na William Speer, mmisionari wa Kipresbiteri aliyekuwa amefanya kazi Canton, ambaye mwaka 1853 aliongoza kuanzishwa kwa kanisa la Wachina huko San Francisco. Wakala wa chama alikwenda bandarini meli ilipotia nanga, akawaita watu wa wilaya yake kwa lugha yao, akawapeleka nyumbani pamoja na mizigo yao. Humo mgeni alipata pa kulala, maji, na mahali pa kupikia. Jina lake liliandikwa. Aliyekuwa mgonjwa alitunzwa, na mzee aliyeishiwa nguvu alichangiwa nauli arudi kwao. Wenyeji wengi wa California waliamini kuwa nyumba hizo ni soko la watumwa. Speer, aliyeijua lugha na aliyeingia ndani, aliwaambia wasomaji wake kwamba ni vyama vya kusaidiana, na gazeti alilolianzisha mwaka 1855 alilichapisha kwa Kichina na kwa Kiingereza ili kila upande umsikie mwenzake. Twaona katika kazi yake hii huduma isiyo ndogo, ingawa hesabu ya waliobatizwa kwa mkono wake haikuwa kubwa.

Yafaa kukumbuka serikali iliwatendea nini wageni hawa, kwa maana nguvu za vyama zilitokana na hapo pia. Mwaka 1852 jimbo la California liliweka kodi ya dola tatu kwa mwezi juu ya wachimbaji wa kigeni, nayo ilitozwa hasa kwa Wachina. Mwaka 1854 mahakama kuu ya jimbo, katika kesi ya People v. Hall, iliamua kwamba Mchina hawezi kutoa ushahidi dhidi ya Mzungu. Mtu asiyeweza kusikilizwa mahakamani huitafuta mahakama nyingine. Ndiyo maana chama kilikuwa kwake benki, posta, baraza la wazee na ubalozi kwa wakati mmoja. Vyama vikuu vilipoanza kusema kwa sauti moja Wamarekani waliviita Kampuni Sita, na mwaka 1882 viliungana rasmi. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Kwa nini mifupa

Msafiri wa Guangdong hakujihesabu kuwa amehama. Alikwenda kutafuta, na aliyekwenda kutafuta hurudi. Nyuma aliacha wazazi, mara nyingi na mke, na kaburi la ukoo ambalo wazao walilifagia na kuliwekea vyakula kila mwaka wakati wa sikukuu ya Qingming. Mtu aliyezikwa mahali ambapo hakuna mzao wa kumkumbuka alihesabiwa kuwa roho yenye njaa, inayotangatanga. Wamisionari wa karne ile waliona katika desturi hii ibada ya sanamu tu, nao waliihubiri vikali. Hatuna nia ya kuwashutumu, kwani walikuwa watu wa wakati wao. Lakini twaona kwamba walikuwa na Biblia mkononi yenye habari ya Yusufu, aliyewaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake kutoka Misri (Mwanzo 50), na ya Musa aliyetimiza kiapo hicho vizazi baadaye (Kutoka 13). Wangeweza kuanzia hapo mazungumzo yao na mkulima wa Xinning.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Marehemu alizikwa kwanza mahali alipofia, katika kaburi lisilo refu, na pamoja naye kikawekwa kitu chenye jina na kijiji chake. Baada ya miaka kadhaa wajumbe wa chama walizunguka kambi za machimbo na vituo vya reli wakiwa na orodha. Walifukua, wakakusanya mifupa mpaka ile midogo ya vidole, wakaiosha na kuihesabu ili isipungue, wakaikausha na kuipanga katika sanduku la bati. Sanduku likaandikwa jina, kisha likapelekwa bandarini. Mwaka 1878 California ilitunga sheria iliyodai kibali cha dola kumi kwa kila maiti atakayefukuliwa, na mahakama ya shirikisho ikaikubali sheria hiyo mwaka 1880. Vyama vililipa. Hata wafu walitozwa kodi.

Ukubwa wa kazi hii si rahisi kuukadiria. Gazeti moja la mji wa Sacramento, katika toleo lake la tarehe 30 Juni 1870, liliripoti kwamba treni ilipita na mifupa yenye uzito wa ratili zipatazo 20,000, mabaki ya Wachina wapatao 1,200 waliokufa wakijenga reli iliyokamilika mwaka uliotangulia. Gazeti jingine la mji huo huo, siku hiyo hiyo, lilitaja watu wapatao 50 tu. Waandishi wengi wa siku hizi huichukua hesabu ya kwanza kwa sababu inatisha zaidi. Sisi twaona ni afadhali kuziweka zote mbili mbele ya msomaji. Lililo hakika ni kwamba kampuni ya reli haikuweka daftari la vibarua wake wa Kichina waliokufa, na kwamba walioweka majina ya wafu wao walikuwa Wachina wenyewe.

Hong Kong: nyumba ya wafu ikawa hospitali

Masanduku yote haya yalihitaji mahali pa kufikia, na mahali hapo palikuwa Hong Kong. Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo uhusiano wa wafu na walio hai unapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote.

Katika miaka ya 1850 Wachina wa Hong Kong walijenga katika mtaa wa Tai Ping Shan nyumba ndogo iliyoitwa Kwong Fook I Tsz, kwa ajili ya kutunza vibao vyenye majina ya watu waliofia mbali na kwao. Haikujengwa kwa ajili ya wagonjwa. Lakini koloni lilijaa vibarua wasio na ndugu, wapangishaji hawakutaka mtu afie chumbani mwao, na wagonjwa wenyewe waliogopa hospitali ya serikali iliyoendeshwa na waganga wa Kizungu. Basi maskini walioelekea kufa walipelekwa kwa wafu. Mwaka 1869 ofisa wa serikali aliingia humo akakuta wanaokufa wamelazwa pamoja na waliokwisha kufa, katika uchafu usioelezeka. Habari hiyo ilifika magazetini, ikawa fedheha kwa serikali na kwa matajiri wa Kichina vilevile.

Matokeo yake yalikuwa Hospitali ya Tung Wah, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1870 na kufunguliwa mwaka 1872. Iliongozwa na wafanya biashara wa Kichina na kutumia dawa za Kichina, bila malipo kwa maskini. Upesi ikawa zaidi ya hospitali. Iliwarudisha makwao watu waliotekwa na kuuzwa, iliandikiana barua na vyama vya San Francisco, Victoria na Australia, na kupokea majeneza na masanduku ya mifupa kutoka kote walikokuwa Wachina. Ilituma habari wilayani, ndugu wakaja kuchukua, na maskini alipewa kiasi cha fedha za mazishi. Nyumba yake ya majeneza ilihamishiwa Sandy Bay mwaka 1899, nayo ingali ipo. Hivyo chombo kilichozaliwa kwa aibu ya kuwachanganya wafu na wanaokufa kilikuja kuwa kiungo cha vyama vya mabara matatu au manne.

Singapore mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa sababu Wachina walikuwa wengi mno, walikuwa na viwanja vyao vya makaburi, na wengi walizaa wana huko huko. Hata hivyo zahanati ya bure ya Thong Chai ilifunguliwa huko mwaka 1867, nayo ilimtibu mtu wa kabila lolote.

Mkono unaotoa na mkono unaoshika

Mpaka hapa tumeeleza rehema. Sasa hatuna budi kueleza upande wa pili, ambao waandishi wanaovipenda vyama hivi huupita haraka.

Fedha za kazi hii zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa mtu aliyekuwa akirudi kwao akiwa hai. Huko San Francisco vyama vilipatana na kampuni ya meli kwamba Mchina asiuziwe tiketi ya kurudi mpaka aonyeshe hati ya chama chake, yenye kuthibitisha kwamba amelipa ada na hadaiwi na mtu. Ada hiyo ilisaidia maskini na wafu. Lakini msomaji na afikiri maana ya hati hiyo. Wakopeshaji walikuwa wafanya biashara, na walioongoza vyama walikuwa wafanya biashara hao hao. Mtu aliyekopeshwa nauli ya kuja aliweza kuzuiwa bandarini na chama kile kile kilichompokea kwa maji na mkeka siku ya kwanza.

Vivyo hivyo huko Victoria, katika jimbo la British Columbia, chama cha muungano kilipoanzishwa mwaka 1884 kila Mchina wa jimbo aliombwa kuchanga dola mbili. Asiyechanga angelipa dola kumi siku atakapotaka kuondoka. Kwa upande mwingine, uhitaji ulikuwa mkubwa: mwaka uliofuata Kanada iliweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina aliyeingia, ikaongezwa hadi dola 100 mwaka 1900 na dola 500 mwaka 1903. Bila mchango wa lazima pasingekuwa na wakili wala kaburi. Sisi hatuoni kwamba swali hili laweza kuamuliwa kwa kusema vyama vilikuwa vya hiari, kama alivyosema Speer, au vya utumwa, kama walivyosema mashahidi wengi mbele ya kamati ya Bunge iliyokwenda San Francisco mwaka 1876. Vilikuwa vya hiari kwa mtu aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda. Wengi hawakuwa na mahali pengine.

Kulikuwa pia na walioachwa nje. Vyama vilikuwa vya wanaume, na kwa kawaida mifupa iliyofukuliwa ilikuwa ya wanaume watu wazima. Wanawake na watoto waliachwa walipolala. Walio hai nao hawakuwa na kimbilio kubwa humo. Msichana aliyeuzwa katika danguro la San Francisco hakuwa na wilaya ya kumtetea. Kwake kimbilio lilikuwa nyumba ya wanawake ya misioni ya Kipresbiteri, iliyofunguliwa mwaka 1874, ambako Donaldina Cameron alianza kazi mwaka 1895. Nyumba hiyo ilikuwa na ukali wake na kiburi chake, lakini ilifungua mlango ambao vyama havikuufungua.

Jaribio kubwa la mamlaka ya vyama lilikuja mwaka 1892. Sheria ya Geary ilimlazimisha kila kibarua wa Kichina nchini Marekani kujiandikisha na kuwa na cheti cha ukaazi, kitu ambacho wazee wa Kenya wangekitambua mara moja kuwa ni kipande. Asiyekuwa nacho angeweza kufungwa kwa kazi ngumu na kisha kufukuzwa nchini, na kujitetea kwake kulihitaji shahidi Mzungu. Kampuni Sita zilitoa amri: mtu asijiandikishe, na kila mmoja atoe dola moja ya kuwalipa mawakili. Watu wengi mno walitii. Twajua mifano michache ya kutotii sheria kwa pamoja, katika karne ile, iliyokuwa kubwa kuliko huu. Lakini tarehe 15 Mei 1893 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Fong Yue Ting, iliamua kwa majaji watano dhidi ya watatu kwamba sheria ni halali. Maelfu waliokuwa wametii chama wakajikuta ni wahalifu. Bunge liliwaongezea miezi sita, wakajiandikisha kwa shingo upande, na heshima ya vyama ikapungua kwa muda mrefu. Kwa haki ni lazima tuongeze kwamba njia ya mahakama haikuwa bure siku zote. Mwaka 1886 chama cha madobi wa Kichina kilishinda kesi ya Yick Wo, ambayo mpaka leo hutajwa mahakamani, na mwaka 1898 Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, alithibitishwa kuwa raia kwa kuzaliwa, naye alitetewa na mawakili waliolipwa na Kampuni Sita.

Meli ya Ventnor

Habari inayoeleza vizuri kuliko zote uzito wa ahadi hii yatoka Nyuzilandi. Wachina walikwenda huko kuchimba dhahabu ya Otago kuanzia mwaka 1866, wengi wao wakitoka Panyu. Miongoni mwa watu hao wa Panyu kulikuwa na chama kilichoitwa Cheong Sing Tong, kilichoongozwa na Choie Sew Hoy, tajiri wa Dunedin na mmoja wa waanzilishi wa uchimbaji wa dhahabu kwa mashine za kuchota mchanga wa mtoni. Mwaka 1883 chama kilipeleka China mabaki ya watu zaidi ya 200. Kisha kikaanza kukusanya kwa ajili ya safari ya pili. Sew Hoy mwenyewe alifariki mwaka 1901, naye akawekwa kati ya watakaosafiri.

Tarehe 26 Oktoba 1902 meli Ventnor iliondoka Wellington ikiwa na makaa ya mawe na majeneza 499. Wazee kadhaa wa Kichina walipewa nafasi humo ili wawaangalie wafu njiani, na hiyo ikawa nauli yao ya kurudi nyumbani. Meli iligonga mwamba karibu na Taranaki, ikajikokota kuelekea kaskazini, na tarehe 28 ikazama nje ya mlango wa ghuba ya Hokianga. Watu 13 walikufa, nahodha akiwa mmoja wao. Chama kilikodi meli nyingine kutafuta majeneza, bila mafanikio ya kutosha. Baada ya hapo hakukuwa tena na ufukuaji mkubwa wa namna hiyo katika Nyuzilandi.

Mabaki mengine yaliletwa na mawimbi ufukoni. Wamaori wa Te Roroa na Te Rarawa waliyaokota, wakayazika katika maeneo yao ya maziko, wakawasimulia watoto wao. Wazao wa Wachina hawakujua. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka habari zikutane, na mwaka 2013 wazao walikwenda Hokianga kuwashukuru wenyeji na kuwafanyia wafu wao ibada.

Hapa twapenda kumtaja mmisionari mwingine, Alexander Don, aliyetumwa na kanisa la Kipresbiteri kwa Wachina wa Otago. Kila mwaka alitembea kwa miguu kutoka kambi hadi kambi. Waongofu wake walikuwa wachache, na maandishi yake ya ujana yana dharau inayochoma kuisoma leo. Lakini alikuwa na mazoea ya kuandika: jina la mtu kwa herufi za Kichina, kijiji chake, miaka yake, alikohamia, siku aliyokufa. Daftari lake lina watu zaidi ya 3,000, na leo mjukuu anayetafuta babu yake aliyepotea Otago huanzia humo. Alifanya, pengine bila kukusudia, ile kazi ya katibu wa chama.

Njia inapofungwa

Katika miji mikubwa ya ugenini mambo yalikuwa yameanza kubadilika hata kabla njia ya bahari haijafungwa. Watoto walizaliwa. Mwaka 1907 halmashauri ya shule ya Victoria ilianza kuwazuia watoto wa Kichina wasiingie shule zake; chama kikajenga shule yake, iliyofunguliwa mwaka 1909. Huko San Francisco vyama vilianzisha zahanati mwaka 1900, kwa jina lile lile la Tung Wah, kwa kuwa hospitali za mji hazikuwapokea Wachina kwa moyo. Na mwaka 1925 vyama 15 vya jamii hiyo vilifungua Hospitali ya Wachina, ambayo ingali inafanya kazi. Bruce Lee, ambaye vijana wetu walimjua kwenye sinema, alizaliwa humo mwaka 1940. Fedha zilizokuwa zikitafuta sanduku la bati na nauli ya mfu zilianza kutafuta vitanda vya wazazi.

Badiliko hili halikuja kwa amani moyoni. Mzee aliyekuwa amelipa ada miaka 30 alikuwa na haki ya kuuliza: mimi nimewachangia waliotangulia, je, atakayenirudisha ni nani? Mwaka 1937 Japani iliivamia China, na meli za mifupa zikakoma. Mwaka 1943 Marekani ilifuta sheria ya kuwazuia Wachina, ikiruhusu watu 105 tu kwa mwaka. Kanada ilifuta yake mwaka 1947. Vita vilipokwisha watu walitumaini kuanza tena, lakini baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 na vita vya Korea njia haikufunguka. Serikali mpya ya China haikupenda makaburi ya ukoo, na ndugu wa kupokea sanduku walikuwa wametawanyika au wanaogopa kujulikana kuwa na jamaa ng'ambo.

Huko Victoria chama kilikuwa na kiwanja cha makaburi kando ya bahari, mahali paitwapo Harling Point, kilichotumika tangu mwaka 1903. Ndani yake kilijenga nyumba ya kutunzia mifupa iliyoletwa kutoka sehemu zote za Kanada kungojea meli. Tangu mwaka 1937 masanduku yalikuwa yakirundikana humo. Mamia yalikuwa yamepangwa, kila moja na jina lake, na waliokuwa wameyapanga walikuwa wanazeeka. Mwaka 1961 chama kiliamua. Mifupa ilitolewa katika nyumba hiyo ikazikwa papo hapo, katika makaburi 13 ya pamoja, mbele ya bahari.